Mkono wa Maabara

Anayechunguza virusi vya korona vya paka hutumia muda mwingi kulisha seli kuliko kutazama virusi. Kirusi hakizaliani peke yake. Lazima kiingie ndani ya seli hai, na seli hai ni za kutunzwa. Zinazotumika sana katika kazi hii zinaitwa CRFK. Asili yake ni figo la paka mmoja mchanga huko Marekani, mwaka 1964. Paka mwenyewe hayupo siku nyingi, ila seli zake bado zinagawanyika katika maabara za mabara mengi, ndani ya makabati yenye nyuzijoto 37, zikiogelea katika maji mekundu yenye sukari, chumvi na majimaji ya damu ya ndama. Maji yakianza kugeuka manjano, mlezi anajua seli zimechafua makazi yao. Hata ikiwa ni sikukuu, atakuja kuzibadilishia.

Mwangalie siku ya kuhesabu virusi. Seli zimetanda safu moja chini ya kisahani, zimebanana. Anazimua majimaji yenye virusi mara kumi, kisha mara kumi tena, na tena, mpaka vibaki vichache vya kuhesabika. Kila hatua anabadili ncha ya pipeti, maana chembe iliyong'ang'ania ncha ya zamani itavuruga hesabu nzima. Anadondoshea ukutani mwa kisahani, bila kulenga katikati, ili seli zisibanduke. Anaacha virusi vijishike, kisha anafunika kwa jeli laini ili visisambae ovyo. Siku mbili tatu zikipita anaosha na kutia rangi ya zambarau. Palipo na seli hai rangi inashika. Palipoanzia kirusi panabaki uwazi mweupe wa mviringo, kama mkeka uliotobolewa na mchwa. Kila tundu limeanzia kwa kirusi kimoja. Anayahesabu kwa jicho, kalamu mkononi. Njia hii Renato Dulbecco aliianzisha kwa virusi vya wanyama mwaka 1952, na hadi leo mkono ukitetemeka namba zinasema uongo.

Taabu yote hii ni kwa sababu ya ugonjwa wa paka uitwao FIP. Mwaka 1963 daktari wa mifugo Jean Holzworth wa Boston aliueleza ugonjwa huu: mara nyingi tumbo la paka linajaa majimaji ya manjano yanayonata, mgongo unakonda, homa haishuki. Kwa zaidi ya miaka hamsini, karibu kila aliyeugua alikufa, na wengi walikuwa paka wachanga. Chanzo ni kirusi cha korona kinachokaa utumboni mwa paka wengi bila kuwasumbua sana. Ndani ya paka wachache kinabadilika na kupata uwezo wa kuzaliana ndani ya makrofaji, yaani seli zile zile za kinga ambazo kazi yake ni kumeza wavamizi. Kuanzia hapo mwili unabeba adui kila mahali damu inapofika.

Ila ustadi wa mkono peke yake haungetosha kuuelewa ugonjwa huu. Virusi hivi viko vya aina mbili. Aina ya pili, iliyotokana na kirusi cha paka kuchanganyika na cha mbwa, inaota vizuri kwenye chupa. Inashika protini ya seli iitwayo aminopeptidasi N na kuingia. Aina ya kwanza haitumii protini hiyo na ni ngumu mno kuiotesha. Na aina ya kwanza ndiyo iliyoenea kwa paka wengi duniani. Kwa hiyo kinachomtii mtafiti kwenye chupa sicho kinachowaua paka wengi nyumbani. Hapa ndipo ninapoiheshimu zaidi kazi hii. Ingekuwa rahisi kusahau tofauti hiyo na kuandika matokeo mazuri. Na paka halisi hawafuati matumaini ya maabara kila mara: mwaka 1990 watafiti walitoa taarifa ya chanjo iliyojengwa juu ya protini ya miiba ya kirusi, na paka waliochanjwa wakafa mapema kuliko wasiochanjwa. Kingamwili zilikuwa zimekisaidia kirusi kuingia ndani ya makrofaji.

Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliuandama ugonjwa huu tangu miaka ya 1960. Mwaka 2018 yeye na wenzake walichapisha majaribio ya molekuli iitwayo GS-441524 kutoka kampuni ya Gilead. Inafanana na tofali mojawapo ambalo kirusi hulitumia kujinakili. Kirusi kikiichukua, nakala inakatika. Waliijaribu kwenye CRFK. Hawakuishia hapo: waliijaribu pia kwenye makrofaji za tumboni mwa paka zilizoambukizwa kiasili, kirusi ndani ya seli yake halisi. Kiasi cha mikromola 1 kilikizuia. Hata 100 hazikuzidhuru seli. Mwaka uliofuata wakatoa taarifa ya paka wagonjwa 31 wa majumbani. Watano walikuwa wamezidiwa mno na hawakumaliza tiba. Waliobaki 26 walimaliza wiki 12 au zaidi, na karibu wote wakapona, baadhi baada ya kurudiwa na ugonjwa na kutibiwa upya.

Watu wa kwetu walilisikia jina remdesivir wakati wa UVIKO-19. Dawa hiyo, mwilini, huvunjwa na kutoa GS-441524 ile ile.

Mwaka 2023 paka wa kisiwa cha Kupro wakaanza kufa kwa wingi. Usomaji wa jenomu ulionyesha kirusi kipya, sehemu ya miiba yake imetoka kwa kirusi cha mbwa. Virusi vya paka na vya mbwa vimechanganyika tena, na safari hii kirusi kinapita moja kwa moja kutoka paka hadi paka. Mwezi Agosti serikali ikaruhusu vidonge vya UVIKO-19 vilivyokuwa ghalani, vilivyonunuliwa kwa ajili ya watu, vitumike kuwatibu paka.