Meli Iliyokuja kwa Treni

Anayesimama Mibirizi, Rwanda, akatazama bondeni huona mto usioweza kubeba meli. Rusizi hutoka Ziwa Kivu, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, ukaingia Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Mporomoko wa karibu mita 700 ndani ya kilomita 117 hufaa kuzungushia mitambo ya umeme, si kupitishia chombo. Ndiyo maana vita vya 1914 vilipofika huku, kila ziwa lilipigana kivyake. Septemba 24 mwaka huo Kapteni Max Wintgens wa Ujerumani alivusha askari wake Kivuni, akakiteka kisiwa cha Ijwi, katika ziwa lisilokuwa na meli kubwa hata moja.

Kusini, kwenye Ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa na mpango mzito zaidi. Meli Graf von Götzen, iliyopewa jina la mtawala aliyewahi kuikatiza Rwanda mwaka 1894, iliundwa kwenye chelezo cha Meyer mjini Papenburg mwaka 1913. Ilifungwa kwa bolti za muda tu. Kisha ikafumuliwa, kila kipande kikapewa namba, na vyote vikatiwa katika makasha yapatayo 5,000. Yalisafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, halafu kwa Reli ya Kati hadi Kigoma, yakifuatana na mafundi watatu wa Papenburg. Huko meli iliungwa upya kwa ribiti, kwa mikono ya mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika ambao vitabu vingi huwataja kwa idadi tu. Iliteremshwa majini Februari 5, 1915.

Ugumu wenyewe ulianzia hapo. Bahari ilikuwa imefungwa na Waingereza, hivyo hakuna kipuri ambacho kingeletwa kutoka Ujerumani. Hata mzinga mkubwa wa Götzen ulikuwa mtumba: ulitoka kwenye manowari Königsberg, iliyozama katika delta ya Rufiji Julai 1915. Manowari hiyo nayo iliwahi kuharibika mashine, na vipande vyake vikakokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa deltani.

Waingereza walichagua njia tofauti. Mashua zao mbili, Mimi na Toutou, zililetwa nzima kutoka Cape Town kwa reli, kisha zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba. Desemba 26, 1915 ziliiteka mashua ya Kijerumani Kingani, ikaitwa Fifi. Kamanda wao, Spicer-Simson, alipata sifa nyingi, ingawa hakuthubutu kupambana na Götzen.

Julai 26, 1916, Wajerumani wakirudi nyuma, Götzen ilizamishwa makusudi karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Kabla ya hapo injini zilipakwa grisi nene. Huo ndio uamuzi wa kiufundi uliokuwa na thamani kuliko mzinga: waliojua ugumu wa kupata kipuri hawakukubali kuharibu kilichopo. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, mashine zilikuwa bado za kufufuliwa. Mei 16, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Injini zile za mvuke ziliendelea hadi miaka ya 1970, zilipowekwa za dizeli. Valvu ya mvuke fundi mzuri huweza kuichonga mwenyewe karakanani; pampu ya dizeli ikifa, meli hungoja kasha kutoka ng'ambo.