Mkasia wa Manjano Si Mjohoro

Mjohoro umetudekeza. Upande shuleni, kando ya barabara ya vumbi au nyuma ya kituo cha polisi, utaota. Ukatwe kwa shoka, utachipua. Usahaulike kabisa, bado utatoa maua. Ndiyo maana mtu akimpata jamaa wa kifahari wa mjohoro, Cassia fistula, yaani mkasia wa manjano unaoning'iniza vichala vya maua mpaka matawi hayaonekani, humtunza kwa mazoea yaleyale, kisha hushangaa miaka inapita bila ua hata moja. Miti hii miwili ni ya jamii ya mikunde, na zamani wataalamu waliihesabu katika jenasi moja. Mwaka 1982 Irwin na Barneby waliipanga upya: mjohoro ukaingia Senna, mkasia ukabaki Cassia. Mpanda miti aweza kudhani hayo ni mabishano ya wasomi tu, lakini kitaluni tofauti yake inaonekana tangu kwenye mbegu.

Tunda la mkasia ni mrija wa kahawia iliyokolea hadi nyeusi, urefu wake sentimita 30 hadi 60 na kipenyo chake kama sentimita 2. Haupasuki wenyewe mtini kama ganda la mjohoro. Upasue kwa nyundo na ndani utakuta vyumba vyembamba, vimetenganishwa kwa kuta za mti laini, na katika kila chumba mbegu moja imelala bapa kama sarafu, imezungukwa na nyama nyeusi inayonata. Nyama hiyo ni haluli inayojulikana kwa karne nyingi katika tiba za Kihindi na za Kiarabu, kwa hiyo watoto wasiachiwe kuiramba. Mbegu ioshwe vizuri, maana utamu ukibaki huleta ukungu.

Mbegu iliyooshwa ni ya kahawia, inang'aa, na ngumu kupita kiasi. Itie majini Jumatatu. Jumatatu inayofuata utaikuta chini ya glasi vilevile, haijavimba hata kidogo. Haijafa. Ganda lake limejengwa kwa seli ndefu zilizosimama zimebanana, maji hayapiti. Porini kwao Asia ya Kusini, mbweha, nyani na hata dubu hula ile nyama tamu na kuzisambaza mbegu, na ganda hulainika taratibu kwa kusuguliwa, kulowana na kupigwa jua misimu kadhaa. Anayezifukia kitaluni bila kuzigusa anasubiri misimu hiyo yote, na akipata miche mitatu kwa mbegu mia asimlaumu aliyemuuzia.

Njia za kuharakisha zinajulikana. Maabara na vitalu vikubwa vya misitu hutumia tindikali kali ya salfuriki kwa dakika chache, kazi isiyofaa kufanywa nyumbani. Maji ya moto, ambayo mjohoro huyapokea vizuri, kwa mkasia hayatabiriki: mbegu nyingine zinaiva, nyingine zinabaki mawe. Kwa mtu wa miche hamsini au mia, chombo bora ni kikata kucha. Shika mbegu ili kitovu chake, pale ilipoungana na tunda, kiwe upande wa vidole vyako. Kata ukingo wa upande wa pili. Usikate karibu na kitovu, kwa kuwa ncha ya mzizi mchanga imelala hapo. Kata kidogo tu mpaka weupe uonekane, kisha uache. Asiye na kikata kucha asugue kwa msasa mpaka mng'ao uondoke sehemu moja.

Baada ya hapo loweka usiku kucha. Asubuhi mbegu zilizofunguka zitakuwa zimevimba. Zipandwe siku hiyohiyo, kina cha sentimita moja. Ambazo hazijavimba zikatwe tena. Zenye tundu la mviringo zimeshaliwa na bungua, zitupwe. Ukifuata hivyo, miche mingi itachomoza ndani ya wiki moja au mbili, na itachomoza pamoja. Hilo la kuchomoza pamoja wenye vitalu hulithamini, maana miche iliyolingana ndiyo inayouzika.

Kwenye kiriba shida ni mzizi mkuu. Unashuka upesi, unafika chini, unajikunja. Miche inayokaa kitaluni mwaka mzima bila viriba kuinuliwa inakuwa na mzizi uliozunguka kama springi ya godoro, na mti wa namna hiyo waweza kusimama miaka kumi kabla upepo haujauangusha. Inua viriba kila baada ya wiki chache, katia mizizi iliyotokeza, na hamisha mche ukiwa mfupi kuliko unavyotamani. Mche wa goti ulio na mzizi ulionyooka utaupita ule wa kifuani.

Kupanda hakuna ajabu: shimo la sentimita 60 kila upande, samadi iliyooza, mwanzo wa masika, jua la kutwa, mahali pasipotuama maji. Mti hufika mita 10 hadi 15, kwa hiyo usiwe chini ya nyaya za umeme, wala juu ya maegesho ya magari, kwani matunda yake yakianguka yana uzito. Pwani, Morogoro na nyanda zenye joto zinaufaa. Njombe na Limuru, kwenye baridi ya kuunguza majani, si kwake. Kuna wanaoamini kwamba kwa kuwa ni wa mikunde utajitengenezea mbolea. Hapana. Mkasia, sawa na mjohoro, hauna vinundu vya bakteria mizizini, kwa hiyo nitrojeni unaitafuta udongoni kama mti mwingine wowote. Usaidie miaka ya mwanzo, lakini usizidishe. Mbolea nyingi ya nitrojeni hutoa majani.

Sasa maua. Kerala, India, watu hupamba nyumba kwa maua haya katika sikukuu ya Vishu, katikati ya Aprili. Delhi hufurika manjano Mei na Juni. Thailand, iliyoufanya ua la taifa mwaka 2001, huuona ukiwaka katika miezi yake ya joto kali. Ukiweka kalenda hizo juu ya kalenda ya mvua, jibu linajitokeza: maua yanakuja mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za pepo za monsuni, mti ukiwa umepukutisha majani yote au karibu yote. Mti huu unahitaji kuonja kiu. Mahali pasipo na kiangazi halisi unakua vizuri, unatoa kivuli, na maua yake yanatokea kidogo hapa na kidogo pale katikati ya majani.

Ndipo ninapoona hoteli nyingi za pwani zinakosea. Mkasia unapandwa katikati ya ukoka, na ukoka unamwagiliwa kila jioni, Januari hadi Desemba. Mti hauna sababu ya kupukutisha. Mwagilia misimu miwili ya kwanza ya kiangazi ili mzizi ushuke, halafu punguza, na ikifika mwaka wa nne au wa tano acha kabisa. Mti uliotokana na mbegu mara nyingi huanza kuchanua kati ya mwaka wa nne na wa nane. Anayetaka ua mwaka ujao apande alamanda.

Kupogoa kuna masharti yaleyale ya msimu. Kazi ifanyike mara maua yanapoisha, na iwe ya kuondoa matawi yanayosuguana na kuinua shina hadi mita mbili ili watu wapite. Kuukata kichwa, kama manispaa zetu zinavyoikata mijohoro, ni kuharibu umbo lenyewe tulilolipandia: yanatoka machipukizi yaliyosimama wima, na vichala haviwezi kuning'inia kwenye fito.

Viwavi wa kijani wenye mstari ubavuni, watoto wa vipepeo weupe na wa manjano wa jenasi Catopsilia, hula majani machanga mpaka zibaki njiti. Mti mkubwa hurudisha majani wenyewe, hivyo usipulizie dawa. Kwenye mche mdogo, waokote kwa mkono. Na sumu ingewaua pia nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti, ambao ua hili linawategemea. Litazame kwa karibu: stameni tatu ndefu zimepinda kwenda nje, nyingine fupi zimekusanyika katikati. Mbochi hamna. Nyuki hushika zile fupi na kuzitetemesha kwa mvumo wa mwili apate chavua ya kula, huku zile ndefu zikimpaka chavua ya kupeleka ua jingine.

Nimalizie na tahadhari ya sokoni, kwa kuwa kwa jina la mkasia wa manjano huuzwa pia mti mwingine, Senna spectabilis, wenye asili ya Amerika. Huo unachanua upesi, unachipua ukikatwa, na umevamia msitu wa Budongo nchini Uganda na sehemu za Hifadhi ya Milima ya Mahale hapa Tanzania, ambako imebidi kuupiga vita. Kuutofautisha hata ukiwa mche ni rahisi: jani la spectabilis lina vijani vidogo vilivyochongoka, jozi nane hadi kumi na tano, la mkasia lina jozi tatu hadi nane tu, vijani vipana, kila kimoja sentimita 7 hadi 15 kinapokomaa. Ukiwa umeshachanua, maua ya spectabilis yamesimama kwenye ncha za matawi, ya mkasia yananing'inia. Basi kabla ya kutoa fedha, hesabu vijani, na ukikuta jozi kumi, mwachie muuzaji mche wake.