Mkono Usiopokonya

Samburu ninayoisema hapa ni ile ya Kinango, kaunti ya Kwale, ambayo msafiri wa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi huikuta baada ya Mariakani, kabla hajafika Taru. Ni nchi ya Waduruma, kavu, ya vumbi na mbuzi. Katika vituo vya biashara kama hiki, mtaalamu wa teknolojia ambaye wenyeji humkimbilia kwanza ni fundi simu. Simu ikizima, mama muuza mboga haioni M-Pesa yake, hana namba za wateja wake, wala hapati habari za mtoto aliye shule ya bweni. Ndiyo maana fundi husifiwa kwa simu alizozifufua. Mimi huvutiwa zaidi na kazi yake nyingine, ambayo hailipwi hata shilingi: kumlea kijana aliyeketi pembeni yake.

Tazama mambo yanavyokwenda. Mama mmoja ameleta simu ya mulika mwizi, haiwaki. Kijana keshapeleka mkono kwenye bisibisi. Fundi mlezi hamkemei, humuuliza tu, "Umeshamuuliza mama imekuwaje?" Kijana anairudisha bisibisi mezani, anaamkia, anauliza. Labda simu ililoa mvua, labda ilichajiwa usiku kucha kwa chaja ya jirani. Majibu hayo hupunguza nusu ya kazi kabla kifuniko hakijafunguliwa, na kijana asiyefunzwa kuuliza atabaki akibadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Kisha inakuja mita. Betri ya lithiamu iliyojaa husoma karibu volti 4.2. Ikisoma chini ya 3, huenda ugonjwa wote ni betri na bodi haina kosa lolote. Chaja yenyewe yatakiwa kutoa volti 5. Fundi anazijua namba hizi usingizini, tena angeweza kuzitamka zote kwa pumzi moja. Badala yake anauliza: "Imesoma ngapi? Hiyo maana yake nini?" Halafu ananyamaza. Mteja anasubiri, jua linawaka, na yeye amenyamaza.

Penye uzito zaidi ni kwenye lehemu. Tundu la chaji la simu nyingi za miaka iliyopita lina miguu mitano, myembamba na imekaribiana mno. Lehemu ikimwagika kati ya mguu na mguu, ni shoti. Joto likizidi, njia za shaba zinabanduka kwenye bodi, na hapo simu ya mtu imeharibika kweli. Kwa hiyo kijana huanzia kwenye bodi za simu zilizokufa, anabandua na kubandika tena, mpaka lehemu ikae inang'aa na imeshika mguu wake peke yake. Siku anayopewa simu ya mteja, mkono wa fundi husogea karibu na wake, tayari kuzuia. Haumpokonyi. Nauheshimu sana mkono ule. Mwenye ujuzi akiona mwingine anasuasua kwenye jambo ambalo yeye angelimaliza kwa dakika moja, kila mshipa wake humwambia akamate chombo. Kujizuia pale ni kazi ya ustadi sawa na kulehemu kwenyewe.

Ukishuka pwani hadi Diani au Msambweni, somo hubadilika. Huko adui ni chumvi. Simu iliyotumbukia baharini hufunguliwa haraka, betri ikatolewa kwanza, bodi ikasuguliwa kwa spiriti na mswaki mpaka ule ukungu wa kijani utoke kwenye shaba. Kijana aliyelelewa kwa kuulizwa maswali atahama Samburu aende Diani na kazi asishindwe, kwa sababu alichobeba ni namna ya kutafuta ugonjwa. Aliyekaririshwa majibu ya vumbi atakwama kwenye chumvi.

Malezi ya namna hii hayako kwa mafundi peke yao. Kinango hii hii ilikuwa miongoni mwa sehemu ambako Sarafu ilitumika sana mwaka 2020 na 2021. Hiyo ni fedha ya kijamii iliyoendeshwa na shirika la Grassroots Economics, lililoanzishwa na Will Ruddick, na ilipatikana hata kwenye simu isiyo na intaneti, kwa kubonyeza namba na kufuata menyu. Watu waliitumia kununuliana chakula na kulipana kazi. Sasa fikiria kijana anayemfundisha bibi yake menyu kama ile. Njia ya mkato ni kuichukua simu na kumbonyezea. Lakini hapo namba ya siri imeshakuwa ya watu wawili, na kesho bibi atamtafuta tena ambonyezee. Mwalimu mwema huiacha simu kiganjani mwa mwenyewe, hata ikibidi kuanza upya kila menyu inapokatika.

Nimefurahi kukuta kwamba walimu wa kompyuta wa mbali nao walifikia hapo hapo. Software Carpentry, mafunzo yaliyoanzishwa Marekani mwaka 1998 kuwafundisha wanasayansi kuandika programu, huwaasa wakufunzi wake wasiguse kibodi ya mwanafunzi. Mwanafunzi hubandika kikaratasi cha rangi kwenye kompyuta yake: rangi moja husema nimemaliza, nyingine husema nimekwama, njoo. Msaidizi huja, huketi, huuliza. Na wataalamu wa programu wa Afrika walipokutana Zanzibar mnamo Novemba 2023 kwa DjangoCon Africa ya kwanza, mkutano wa watumiaji wa zana ya programu iitwayo Django, kijana wa kwetu hakuhitaji kuvuka bahari kuu ili aketi meza moja na aliyemtangulia.

Nisifiche kwamba wako mafundi wanaomweka kijana mwaka mzima akifagia kibanda na kuagizwa chai, siri za kazi zikifichwa asije akawa mshindani. Hofu yao naielewa, maana riziki kituoni ni ndogo. Hata hivyo wanakosea. Kijana aliyefichwa ujuzi hufungua kibanda chake vilevile, ila huharibu simu za watu, na jina la mafundi wote wa mji linachafuka pamoja naye.

Kenya tunao mtihani wa daraja wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwanda, mtihani ambao humwezesha fundi aliyejifunza kibandani kupata cheti bila kupitia chuo. Ni jambo jema. Ila mtihani ule hupima mkono wa fundi mwenyewe. Ni wangapi amewalea, na wako wapi leo, hakuna anayemuuliza.

Ombi langu ni kwa serikali ya kaunti ya Kwale na wasimamizi wa vyuo vyake vya ufundi. Waiteni mafundi hawa wa vibandani wafundishe vyuoni, angalau siku moja kwa wiki, na muwalipe kama wakufunzi. Mkitaka kujua wa kumwita, msimuulize amefufua simu ngapi. Waulizeni vijana waliopita mikononi mwake.