Gia ya Mbele na Mkono wa Fundi

Barabara ya kupanda Lutindi haimhurumii mwendesha baiskeli aliyechelewa kubadili gia. Chini, Korogwe, ni joto na mashamba ya mkonge, na lami ya barabara kuu iendayo Arusha inakubali mwendo wowote. Ukishaanza kuupanda mlima kuelekea kule iliko hospitali ya magonjwa ya akili iliyoachwa na wamisionari wa Kijerumani, mambo hubadilika. Inabidi cheni iteremke kwenye sahani ndogo ya meno mapema, miguu ikiwa bado na nguvu. Ikigoma hapo, utashuka usukume.

Ndiyo maana nawaheshimu sana mafundi wanaoijua gia ya mbele. Ya nyuma wengi wanaiweza. Ya mbele wengi huichoka, wakakata waya, wakaiacha cheni ikae kwenye sahani moja siku zote, na mtu aliyenunua baiskeli nzuri ya mashindano, mtumba wa Ulaya, akabaki na nusu ya gia zake. Tuseme ukweli, kifaa chenyewe kina kazi ngumu. Gia ya nyuma huishika cheni upande wa chini, ule unaorudi ukiwa umelegea. Ya mbele huishika upande wa juu, ambao wakati huohuo unavutwa na uzito wote wa mguu. Vibati viwili tu vinaisukuma kwa ubavu, nayo inatakiwa ipande kutoka meno 34 hadi 50 bila kukwama.

Fundi hodari utamjua kwa swali lake la kwanza.

“Shikamoo, mzee. Gia ya mbele inanisumbua.”

“Marahaba, mwanangu. Inakusumbua ikipanda au ikishuka?”

Swali hilo limeshagawa kazi mara mbili. Kupanda ni kazi ya waya, kwa kuwa waya ndio unaovuta kibati kwenda nje. Kushuka ni kazi ya springi, ambayo hukirudisha ndani waya ukilegezwa. Kwa hiyo gia inayogoma kushuka mara nyingi inasumbuliwa na uchafu: vumbi la njia za mlimani limechanganyika na mafuta ya zamani kwenye viungo, au kutu imeingia ndani ya gamba la waya, na springi haina nguvu ya kushindana navyo. Hapo fundi wa haraka atakimbilia skrubu. Hodari atachukua brashi na mafuta ya taa, asafishe viungo, atie tone la mafuta, halafu ajaribu tena. Mara nyingine kazi inaishia hapo.

Isipoisha, bado hashiki bisibisi. Anainingʼiniza baiskeli kwenye tawi, anazungusha pedali kwa mkono, polepole, jicho likiwa juu ya meno. Sahani iliyopinda huonekana ikikaribia kibati na kukiacha katika kila mzunguko. Kisha anashika krenki na kuitikisa kwa ubavu. Beringi zikiwa zimelegea, sahani yenyewe inahama, na hakuna marekebisho ya gia yatakayodumu juu ya kitu kinachohama. Nikimtazama mtu akifanya hivi bila papara, mteja amesimama pembeni na jua linakwenda, naona ufundi wenyewe uko hapa: kukataa kurekebisha kabla ya kujua.

Ndipo anapofika kwenye kibati. Kibati cha nje kiwe sambamba na sahani kubwa, na kipite juu ya meno yake kwa milimita 1 hadi 3. Kikikaa juu zaidi ya hapo, cheni itapandishwa kwa uvivu. Kikikaa upande, kitaisugua hata kama skrubu zote ziko sawa. Kibati kukaa vibaya ndiko mara nyingi huleta usumbufu ambao watu husema umeletwa na waya.

Skrubu mbili, zilizoandikwa H na L kwenye vifaa vingi, huja baadaye, na zina kazi moja tu, kuweka mipaka. Fundi anaulegeza waya kabisa, anaweka cheni kwenye sahani ndogo mbele na gia kubwa kuliko zote nyuma, halafu anageuza L mpaka kibati cha ndani kikaribie cheni bila kuigusa, nafasi isiyozidi nusu milimita. Anavuta waya kwa koleo, anakaza nati. Sasa anapandisha cheni kwenye sahani kubwa, nyuma anaishusha hadi gia ndogo kabisa, na H inapewa nafasi hiyohiyo upande wa nje. L ikilegea mno, cheni huanguka ndani na kukwaruza fremu. H ikilegea, huruka nje hadi kwenye mguu wa pedali. H ikikazwa mno, cheni haipandi kamwe, na watu wataendelea kuvuta waya hadi ukatike.

Cheni kuchomoka kumewakuta hata wakubwa. Mwaka 2010, katika Tour de France, Andy Schleck alikuwa amevaa jezi ya njano ya anayeongoza, akishambulia kwenye mlima wa Port de Balès, cheni ikamtoka. Mpinzani wake, Alberto Contador, akampita na kumwacha kwa sekunde 39 siku ile, na mwisho wa mashindano tofauti yao ilikuwa sekunde hizohizo 39. Schleck alipewa ushindi huo mwaka 2012, Contador aliponyangʼanywa kwa kosa la dawa zilizokatazwa.

Kazi haikamiliki chini ya mti. Mwenye baiskeli anaambiwa apande kilima kilicho karibu, abadili gia akiwa amekalia tandiko na mguu ukiwa na mzigo, kwa sababu gia inayokubali ikizungushwa kwa mkono huweza kukataa ikibeba mtu. Na waya ukiwa mpya, anaambiwa arudi baada ya siku chache. Gamba lake litakuwa limekaa sawa kwenye ncha zake, waya utakuwa umelegea kidogo, na skrubu ndogo ya kukazia itazungushwa nusu mzunguko. Fundi niliyempenda kuliko wote hakudai chochote kwa mzunguko huo. Aliuhesabu kuwa sehemu ya kazi ya kwanza.