Kufukuza hewa, kufuga hewa

Mkeka wa faiba ukiwa mkavu ni mweupe kama shuka mpya. Ni nyuzi za kioo zilizokatwa fupifupi, sentimita tano hivi kila moja, zikatawanywa bila mpangilio na kushikwa na gundi kidogo. Ukimwagiwa resini, weupe unaanza kuondoka. Kwanza mkeka unakuwa wa kijivu, halafu nyuzi zinapotea mbele ya macho yako mpaka unaona kalibu iliyoko chini. Nyuzi zipo, hazijaenda popote. Nuru hupinda karibu sawasawa ndani ya kioo na ndani ya resini ya poliesta, kwa hiyo jicho halioni mpaka kati ya hiki na kile. Kinachobaki kuonekana ni hewa, na kazi ya fundi wa faiba, karibu yote, ni kuitafuta hiyo hewa na kuitoa.

Kwenye karakana ya wazi Kigamboni nilimtazama fundi mmoja akijenga ubavu wa boti ya uvuvi. Kalibu ilikuwa imeshapakwa nta tabaka kadhaa na kung'arishwa, ili boti isigande nayo. Juu ya nta likapita tabaka la jelikoti, lile la rangi ambalo mteja ataliona na kulishika. Unene wake ni kama nusu milimita tu. Likiwa jembamba mno hukunjamana linapokutana na resini ya tabaka linalofuata, likawa na makunyanzi ya kutisha. Likiwa nene mno hupasuka vipande vidogovidogo boti ikianza kupigwa na mawimbi. Fundi alilipima kwa kugusa, kwa mgongo wa kidole: lilikuwa linanata lakini halichafui ngozi. Hapo ndipo alipoita mkeka wa kwanza.

Resini haikauki kama rangi. Inaganda kwa mmenyuko wa kemikali unaoamshwa na hadena, na hadena hiyo ni kidogo sana: gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya resini. Kiasi gani hasa kati ya hizo, ni suala la hali ya hewa ya saa hiyo. Asubuhi yenye mawingu inataka zaidi. Saa sita mchana, bati la banda likitoa joto, inataka kidogo kuliko zote. Ukikosea upande mmoja resini inabaki ya kunata siku nzima. Ukikosea upande wa pili inashika kama uji ukiwa bado umeshika brashi, na kopo linaanza kufuka moshi, maana mmenyuko wenyewe huzalisha joto, na resini nyingi iliyorundikana kwenye chombo kimoja hujichemsha. Ndiyo maana fundi mzuri huchanganya kidogokidogo, hata msaidizi akilalamika kwamba anapoteza muda. Ni kazi yenye hatari zake pia. Hadena ikiruka jichoni inaweza kupofusha, na ikikutana moja kwa moja na kobalti, kichapuzi cha resini, mchanganyiko unaweza kulipuka. Fundi huyu aliweka chupa hizo mbili pembe mbili tofauti za banda, na hakuna aliyeruhusiwa kuzisogeza.

Resini ilipokwisha kumwagwa, kijana aliyekuwa akimsaidia alitaka kuikandamiza papo hapo. "Iache inywe, dogo," fundi akamwambia. Kijana akajibu, "Sawa fundi," akasimama na rola mkononi kama mtu aliyeambiwa asubiri basi. Sababu ya kusubiri ni kwamba ndani ya resini mna staireni, ile yenye harufu kali inayopanda puani, na staireni huyeyusha gundi inayoshika nyuzi za mkeka. Dakika chache tu, mkeka uliokuwa mkaidi unalegea na kukubali kulala kwenye kona. Ukiulazimisha kabla ya hapo unainuka tena ukishaupa mgongo, na chini yake hewa inaingia.

Ndipo ikaja rola, ile ya chuma yenye mifereji. Ilianzia katikati na kwenda pembeni, tena na tena, bila kukandamiza sana. Ukikandamiza sana unakamua resini na kuacha kioo kikavu. Mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba unataka takriban kilo moja ya resini, na kila kiasi unachokipunguza hapo kinadaiwa baadaye. Vipovu vilionekana vikikimbia mbele ya rola kama samaki wadogo, vikatokea ukingoni. Kimoja kilijificha kwenye kona ya mkuku. Fundi alikipiga kwa ncha ya brashi, akikidunda wima bila kukisugua, mpaka doa jeupe likageuka kuwa kivuli, kivuli kikatoweka. Sikuhesabu ni mara ngapi alidunda, lakini mimi ningekuwa nimeshaamua kwamba inatosha.

Kinachonivutia katika kioo hiki ni kwamba kuna ufundi mwingine unaotumia nyuzi zilezile kwa nia iliyo kinyume kabisa. Mwaka 1932, katika kampuni ya Owens-Illinois huko Ohio, Marekani, Dale Kleist alikuwa akijaribu kuunganisha matofali ya kioo. Mkondo wa hewa yenye shinikizo ukapiga kioo kilichoyeyuka, kikatawanyika kuwa nyuzi. Mkubwa wake, Games Slayter, aliiona thamani ya ajali ile, na mwaka 1938 ikazaliwa Owens-Corning. Nyuzi za boti huvutwa zikiwa ndefu kupitia matundu madogo kwenye bamba la platini na rodi. Hizi nyingine hurushwa na kupeperushwa, zikalaliana ovyo na kuwa sufu. Hapo hewa haifukuzwi. Inafugwa.

Kioo kama kioo ni kizuizi duni cha joto. Hewa iliyotulia ndiyo kizuizi, na nyuzi kazi yao ni kuizuia isizunguke. Mita ya ujazo ya sufu nyepesi ina kama kilo 12 za kioo, wakati pande la kioo lenyewe la ukubwa huo lingekuwa na kilo 2,500 hivi. Yaani mnunuzi wa sufu ya kioo analipia karibu hewa tupu, na analipia vizuri: joto hupita kwenye kioo kigumu mara 30 hivi zaidi kuliko linavyopita kwenye sufu yake.

Kwa hiyo fundi wa sufu ana dhambi ambazo mwenzake wa boti angeziona fadhila. Akiisukumiza sufu ya unene wa milimita 100 kwenye nafasi ya milimita 50, ameua karibu nusu ya kazi yake. Anakata kwa kisu kirefu chenye makali, upana uzidi kidogo nafasi iliyopo, kisha anaiacha ijishike yenyewe bila kupigwa ngumi. Anapita nyuma ya nyaya badala ya kuzikandamizia ukutani. Kwenye mifereji ya viyoyozi juu ya dari za hoteli za pwani ana mtihani ambao vitabu vya ujenzi vya Ulaya mara nyingi huueleza kinyume. Kule upande wenye joto na unyevu ni ndani ya nyumba. Mombasa na Dar es Salaam ni nje. Karatasi ya fedha inayozuia mvuke lazima itazame nje, na kila kiungo kizibwe kwa utepe, kwani hewa ya bahari ikipenya mpaka kwenye bati baridi inageuka maji, sufu inalowa, na sufu iliyolowa haihifadhi chochote. Madoa ya kahawia kwenye dari ambayo watu humlaumia fundi wa mabomba, mara nyingine yameanzia kwenye utepe wa sentimita kumi ambao hakuna aliyeona haja ya kuubandika.

Nyuzi za kioo huingia pia kwenye kazi zisizohusu hewa, na saruji ina ugomvi wake nazo. Alkali yake hukila kioo cha kawaida polepole, na hadi Pilkington ya Uingereza ilipoanza kuuza nyuzi zenye zirkonia mwanzoni mwa miaka ya 1970, zege la nyuzi za kioo halikuaminika kukaa miaka mingi. Siku hizi hata wavu wa kuzuia nyufa kwenye plasta hufunikwa kwanza dhidi ya alkali hiyo. Na wavu wa mbu madirishani, ule wa kijivu usioshika kutu, mara nyingi ni nyuzi za kioo zilizovikwa plastiki.

Kule Kigamboni, boti ya pili ilikuwa imeletwa na tundu lisilozidi sarafu, kwa kugonga mwamba. Fundi aligonga pembeni ya tundu kwa mpini wa bisibisi, akisikiliza. Palipo pazima palilia kwa sauti kavu. Palipoachana tabaka palijibu butu. Eneo butu lilikuwa kubwa kuliko tundu mara nyingi. Akalizungushia chaki, akashika mashine ya kusaga, akaanza kuteremsha ukingo: kwa kila milimita moja ya unene, milimita 12 za mteremko. Ubavu wa milimita 6 unataka mteremko wa zaidi ya sentimita 7 kila upande, ili kiraka kishike kwa upana badala ya kuning'inia ukingoni. Mwenye boti alisimama pale akitazama tundu lake dogo likigeuka kuwa sahani, akauliza kama hakuna njia fupi. Fundi alivuta barakoa chini ya kidevu, akamtajia bei ya njia fupi na bei ya hii, akarudisha barakoa na kuendelea kusaga.