eFootball 2022: hasira ile Konami hakuijenga peke yake

Wandugu, hapa Kamina kijana akisema "twende tupige PES", hakuna mwenye kuuliza PES ni nini. Njo maana kilichotokea tarehe 30/9/2021 kilituuma. Siku ile Konami, kompani ya Japani, ilitoa eFootball 2022 pahali pa PES. Mbele ya siku kuisha, picha za Messi na Ronaldo wenye nyuso za kutisha zilikuwa zimezunguka dunia. Kwenye Steam, maoni mazuri hayakufika hata 10 kwa 100, na mchezo ukaingia kati ya michezo yenye kuchukiwa zaidi pale. Wengi waliandika "Konami ni wezi", wakaishia pale. Mimi naona hesabu ile haijatimia.

Tuanze na deni la Konami, maana lipo. Mwaka 2020 hawakutoa mchezo mpya. PES 2021 ilikuwa PES 2020 yenye majezi na wachezaji wa msimu mpya, na wao wenyewe walieleza kama nguvu zao ziko kwa mchezo wa mashine mpya. Ukimwambia mtu asubiri mwaka mzima, umeshamwahidi kitu kikubwa, hata kama hujataja kitu. Kisha Julai 2021 wakatangaza: jina jipya, mchezo wa bure, Unreal Engine, na miendo ya wachezaji mara 4 kuliko zamani. Ndani ya maelezo ya wakati ule kiongozi wa mradi alisema wazi kama mwanzoni mchezo utakuwa sawa na demo, utakua polepole. Neno lile lilisemwa. Lakini kompani hiyohiyo ilikuwa inauza mapema paketi ya karibu dola 40 ndani ya hiyo demo. Sasa tuamini mdomo ao tuamini bei?

Upande wetu sasa. Juni 2021 Konami iliweka mchezo wa majaribio kwenye mashine, bila jina la kweli. Watu walicheza, wakaona sura ya mchezo iko ya kawaida, miendo mizito. Mashabiki wakajijibu wenyewe: eti ni majaribio tu, wa kweli utawaka moto. Hakuna mwenye kuwalipa waseme vile. Kila mmoja alikuwa na PES yake ndani ya kichwa, huyu PES 6, yule PES 2013 (kwa kawaida ni ile yenye alikuwa anashinda wenzake), akaichukua ukumbusho ule na kuufunga juu ya mchezo wenye hajauona. Hakuna mtengenezaji mwenye kushindana na vile.

Na mchezo ulipofika, tulichagua kucheka nyuso. Hapo njo naona kosa kubwa la mashabiki, kuliko kuamini sana. Nyuso zilikuwa jambo dogo. Timu za kuchezea mechi ya kawaida zilikuwa 9 tu, za Ulaya na Amerika ya Kusini, hata moja ya Afrika hapana. Master League, yenye kumfanya mtu kukaa na mchezo mwaka mzima, haikuwamo. Waliahidi itakuja kisha, kwa kulipa. Lakini kelele ilikuwa juu ya nyuso, na jibu likafuata kelele: tarehe 1/10 Konami iliomba musamaha juu ya nyuso, miendo ya wachezaji na mpira. Juu ya kuuza vitu ndani ya demo, kimya. Wenye walilipa ile paketi walirudishiwa feza zao, na toleo la 1.0 lenye lilingojewa Novemba 2021 likafika tarehe 14/4/2022.

Kwa mtu wa telefone, mambo yalikuja tofauti. Katikati ya mwaka 2022 PES 2021 ya telefone ilibadilishwa kuwa eFootball kwa njia ya mise-à-jour. Hukuulizwa. Unanunua mega za kupakua, kisha mega za kucheza, maana bila intaneti haifunguki. Mega hakuna mwenye kukurudishia.

Lakini angalieni pia vile sisi wenyewe tunafanya. Kila mwaka kwenye WhatsApp linapita faili la PPSSPP lenye kuitwa eFootball ya mwaka huu, "camera PS5", kila kitu. Ukilifungua, ndani kuko PES ya zamani ya PSP, mashine yenye Sony iliacha kutengeneza mwaka 2014. Jina jipya, majezi mapya, mwili wa zamani: kazi ileile ya PES 2021! Wenye kutengeneza faili zile nawaheshimu, maana wanatia timu zenye Konami haijali, na mchezo unafunguka bila intaneti. Lile neno "PS5" tu njo linanikasirisha, maana kuko mtoto mwenye anatoa feza ya mega juu yake.

Na kuko kundi lenye halikuandika maoni hata moja kwenye Steam: wenye nyumba za kuchezea, wenye kulipisha kwa mechi. Wao hawakufika hata kwa nyuso. eFootball 2022 haikutoka kwenye diski. Ni ya kupakua tu, magiga mengi. Kwao mchezo mpya haukufika kabisa, na diski ya PES ya zamani ilibaki ndani ya mashine, imekwaruzika, manete mbili, wateja wanangojea zamu.