Mpangaji wa Uhuru

Nilikuwa kwenye matatu, foleni imekwama kabisa, nimejaza muziki masikioni ili nisisikie makanga akigombana na abiria juu ya chenji. Ngoma zikaanza. Halafu mwanamume akaanza kuongea Kiswahili. Nikageuka nyuma, nikidhani kuna abiria ananisemesha. Kumbe ni rekodi yenyewe, na rekodi yenyewe ilifanywa New York mnamo Novemba 1960.

Albamu inaitwa Uhuru Afrika. Jina lililo juu yake ni la Randy Weston, mpiga piano wa Brooklyn. Mwanamume niliyemsikia ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York siku hizo akiipeleka kesi ya nchi yake Umoja wa Mataifa. Anasoma kwa Kiswahili shairi ambalo Langston Hughes aliliandika kwa ajili ya kazi hii, naye Brock Peters anajibu kwa Kiingereza. Baada yao inaingia bendi ya watu zaidi ya 20: tarumbeta, tromboni, saksafoni, filimbi, besi mbili, madramu, na ngoma za Candido kutoka Kuba na Babatunde Olatunji kutoka Nigeria.

Hebu nitahadharishe kidogo. Huku kwetu neno jazz limezoea kukaa kwenye majina ya bendi za magitaa, kama vile Shirati Jazz na Victoria Jazz. Ukiitafuta ile benga ya kukunyanyua kwenye kiti, hapa hutaipata. Huu ni muziki wa sehemu nne, umepangwa kwenye karatasi, na unadai ukae chini usikilize.

Tena usikilize ukikumbuka tarehe. Novemba 1960 Kenya ilikuwa bado koloni. Kenyatta alikuwa kizuizini Lodwar. Tanganyika ilikuwa imebakisha mwaka mzima na zaidi kidogo. Leo ukimwambia Mnairobi “Uhuru”, atakuuliza: bustani, barabara, ama yule rais mstaafu? Wakati ule neno lilikuwa dai, na kulitamka hadharani kungeweza kukuletea taabu. Serikali ya makaburu iliuelewa uzito huo vizuri. Mwaka 1964 iliipiga marufuku albamu hii Afrika Kusini.

Hadi hapo hadithi inajulikana, na kawaida husimuliwa kama hadithi ya Weston. Mimi ninayetaka kumzungumzia ni mpangaji.

Kiswahili kina mzaha wake hapa. Mpangaji ni anayepanga muziki, yaani anayeamua sauti gani iende kwa chombo kipi, nani aingie lini na nani anyamaze. Mpangaji pia ni anayekaa kwenye nyumba yenye jina la mtu mwingine mlangoni. Melba Liston alikuwa yote mawili. Alizaliwa Kansas City mwaka 1926, mwaka uleule wa Weston, akaanza kupiga tromboni akiwa mtoto. Mwaka 1956 Dizzy Gillespie alimwita kwenye bendi yake kwa ziara ya nje iliyolipiwa na serikali ya Marekani. Wanaume wa bendi wakanung'unika, ati kwa nini mzee amemtoa mwanamke California yote hiyo kuja kupiga tromboni. Wakawekewa mbele karatasi alizoandika Melba, wakajikwaa kuzipiga. Manung'uniko yakaisha hapo.

Miaka minne baadaye Weston anamletea nyimbo alizozitunga kwenye piano. Wimbo wa piano ni mstari na vidole kumi. Kuugeuza uwe sauti ya watu zaidi ya 20 ni kazi nyingine kabisa, na ndiyo kazi unayoisikia. Sikiliza Uhuru Kwanza, sehemu ya kwanza. Ukiweka madramu na ngoma nyingi namna hiyo, rahisi sana vyombo vya kupuliza vizame, ama vianze kupiga kelele ili visikike. Liston hafanyi hivyo. Anaziachia ngoma uwanja, kisha anaingiza shaba kwa vipande vifupi vizito kutoka chini, kwenye sauti za tromboni anazozijua kwa pumzi yake mwenyewe. Ngoma na shaba zinaongea kwa zamu, kama wazee kwenye baraza.

Jazz ya bendi kubwa ya wakati ule ilikuwa na tabia ya kuitumia Afrika kama pambo. Unatia kongo mbili tatu mwanzoni, halafu kila mtu anarudi kwenye mambo yake. Hapa ngoma zimejengewa nyumba, na aliyeijenga ni Liston.

Sasa njoo kwenye sehemu ya pili, African Lady, maana ndipo roho yangu inapokwama. Hughes ameandika maneno ya kumsifu mwanamke wa Kiafrika, wanayaimba Martha Flowers na Brock Peters. Ni wimbo mzuri, wa polepole, wenye heshima. Lakini mwanamke anayesifiwa hana kazi, hana mshahara, hana hata hasira. Ni sanamu ya kuwekewa maua. Na wakati sanamu inaimbiwa, mwanamke halisi ameinamia karatasi akihangaika kumaliza kuandika bendi nzima itapiga nini. Jina lake utalipata kwa herufi ndogo.

Simlaumu Weston kupita kiasi. Alimtaja Liston maisha yake yote, kila alipohojiwa, na walifanya kazi pamoja hadi uzeeni. Ninaloliuliza ni jambo tunalolijua sana hapa nyumbani. Kwenye nyimbo za uhuru wetu mama husifiwa hadi machozi yatoke. Ukiuliza nani aliandika, nani alifundisha kwaya, nani alishona sare, unaambiwa “akina mama walisaidia.” Walisaidia! Liston hakusaidia Uhuru Afrika. Aliiandika pamoja na mwenzake.

Nina neno pia kuhusu Kiswahili chenyewe. Baada ya shairi la Sanga, lugha yetu inabaki kwenye vichwa vya nyimbo tu. Ningependa ingeimbwa. Weston aliichagua kwa sababu ni lugha ya Waafrika wengi wa nchi nyingi, na chaguo hilo linastahili heshima, lakini lugha inayofungua mlango kisha ikaachwa nje bado ni mgeni.

Hata hivyo kuna zawadi moja ambayo pengine haikukusudiwa. Sehemu ya nne inaitwa Kucheza Blues. Chombo cha muziki tunakipiga. Kucheza ni mpira, ama ni kiuno. Huenda waliokuwa studioni walisikia “kupiga blues”, lakini mimi nasikia blues inachezwa miguuni. Weston alieleza kwamba sehemu hii ni ile siku Afrika yote itakapokuwa huru, na watu weusi dunia nzima wafanye sherehe moja. Wapigaji wanapokezana, bendi inawasukuma kwa nyuma, na Liston, aliyekuwa mkali kwenye sehemu tatu za kwanza, hapa analegeza kamba. Huzuni ya blues inanyanyuliwa, inachezwa. Jina limekosea sarufi ya muziki, likapata ukweli.

Mwaka 1985 Liston alipatwa na kiharusi, hakuweza tena kupiga tromboni. Aliendelea kupanga muziki akitumia kompyuta. Mwaka 1993 yeye na Weston wakatoa Volcano Blues, na safari hiyo albamu ilikuwa na majina yote mawili. Ilichukua miaka 33 mpangaji kuandikwa mlangoni. Alifariki mwaka 1999.

Ukiitafuta Uhuru Afrika, isikilize mara mbili. Mara ya kwanza fuata piano, kama wengi wanavyofanya. Mara ya pili wacha piano, fuata tromboni kule chini, usikie nani anayeibeba nyumba.